Mficha Maradhi Ugenini

Tuliishi miaka mitatu Kumamoto, mji ulioko kusini mwa Japani katika kisiwa cha Kyushu. Mmoja wetu alikuwa masomoni, mwenzake alimfuata. Tulipoombwa kuandika juu ya imani tulifikiria mambo mengi mazuri tuliyoyaona huko, lakini kila tulipokaa kuyaandika, mawazo yalirudi kwenye chumba kidogo cha daktari wa ngozi wa mtaani kwetu. Tulikwenda kwake tukiwa hatujui lugha yake, naye hajui yetu. Ndipo lilipozaliwa swali ambalo tunataka kulitafakari pamoja nanyi: mtu asiye na lugha ya kusema ukweli akinyamaza, je, amedanganya?

Mmoja wetu alitokewa na upele shingoni. Hatutasema ni yupi, mume au mke. Mtakisia, na huenda mkakosea, lakini mwishoni mtaona kwamba haileti tofauti kubwa. Upele ulianza kama duara dogo lenye kuwasha. Ukipakwa krimu unatulia, siku mbili tatu mbele unarudi ukiwa umepanuka. Miezi ilipita namna hiyo, mpaka ukafika chini ya sikio na shavuni, na kola ya shati haikuweza tena kuuficha.

Huko Japani kliniki za ngozi ziko mitaani, katikati ya nyumba za watu. Huhitaji barua ya kutoka hospitali nyingine. Wakati ule tuliingia na kadi ya bima. Mgeni anayeruhusiwa kukaa zaidi ya miezi mitatu, kama hana bima ya kazini, hujiunga na bima ya afya ya taifa, na akiugua hulipa asilimia 30 ya gharama. Kwa hiyo fedha haikuwa kikwazo kwetu. Kikwazo kilikuwa lugha. Baada ya mwaka mzima tulijua kusalimu, kuhesabu, kuomba radhi na kununua samaki. Kusoma ndiyo kabisa hatukuweza, maana Wajapani huchanganya aina tatu za maandishi katika sentensi moja.

Tulivua viatu mlangoni, tukavaa ndala za kliniki, tukasogea dirishani. Mhudumu akatupa karatasi ya maswali. Tuliielekezea simu, na yale maandishi yakageuka Kiswahili cha kuokoteza: ugonjwa ulianza lini, unawasha au unauma, kuna chakula au dawa inayokudhuru, kwa sasa unatumia dawa gani. Mwenye upele alishika kalamu na mwenzake akashika simu. Lilipofika swali la dawa, kalamu ilisita kidogo, kisha ikatia alama penye "hapana."

Haikuwa kweli. Kwa miaka miwili yule mwenye upele alikuwa akijipaka usoni na shingoni, kila usiku, vitu viwili. Kimoja ni krimu ya steroidi, iliyonunuliwa kwenye duka la dawa huko nyumbani bila cheti cha daktari. Cha pili ni mkorogo, uliochanganywa na muuzaji na kutiwa katika kikopo kisicho na jina. Mwanzoni hapakuwa na kuwashwa wala upele. Kilichotafutwa kilikuwa weupe. Na mtu huyo huyo aliwahi kusimama mbele ya vijana wa usharika wetu akawafundisha kwamba Mungu hakukosea alipowapa rangi yao. Mwenzake hakujua lolote. Alidhani ni hali ya hewa ya ugenini inayompendeza.

Sasa tazameni jinsi tulivyokaa mbele ya lile dirisha. Ukweli, ili umfikie daktari, ulipaswa kwanza upite katika simu, na simu ilikuwa mkononi mwa mwenzi wa ndoa. Kama daktari angejua Kiswahili, pengine mgonjwa angeomba kuingia peke yake. Kwa kuwa hakujua, hapakuwa na njia ya kumwambia mmoja bila kumwambia mwingine.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani na sauti ya chini. Aliutazama upele kwa lenzi, akaupapasa kwa vidole, akakwangua magamba membamba ya ngozi na kuyaweka juu ya kipande cha kioo. Akadondoshea dawa inayoyeyusha ngozi iliyokufa na kuacha vimelea vya fangasi vionekane, akainamia hadubini. Baada ya dakika chache alituita tutazame. Tuliona nyuzi nyembamba zilizopishana kama mizizi. Hatukuhitaji mkalimani. Kilikuwa ni choa, au mashilingi kama wengi wanavyouita, ugonjwa ambao hata watoto wa shule hupata.

Lakini daktari hakuridhika. Aliutazama tena uso, akatazama karatasi, akauliza jambo. Simu ikatafsiri: dawa nyingine ulipaka? Mwenye upele akatikisa kichwa. Daktari akanyamaza kidogo, hakubishana. Akaandika dawa ya fangasi na kutuonyesha kwenye kalenda tarehe ya kurudi, wiki mbili mbele. Katika duka la dawa la jirani tulipewa pia daftari dogo, ambalo mgonjwa huwa nalo, ili daktari yeyote atakayemwona ajue ametumia dawa gani. Ukurasa wetu wa kwanza uliandikwa dawa moja tu. Daftari jipya, nalo tayari lilikuwa na uongo.

Hapa yafaa tueleze kitu kuhusu ugonjwa wenyewe. Steroidi hutuliza wekundu na kuwashwa, kwa sababu huzuia mwili usipigane. Ikipakwa juu ya fangasi, mgonjwa huona nafuu, na fangasi hupata nafasi ya kuenea bila kusumbuliwa. Lile duara lenye ukingo, ambalo daktari hulitambua kwa macho, hupotea umbo lake. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, waliandika juu ya hali hii na kuipa jina la Kilatini lenye maana ya choa kisichotambulika, kama mtu aliyejificha sura. Kumbe kile kilicholeta nafuu ndicho kilichoulinda ugonjwa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na tena mficha maradhi kifo humuumbua. Tumezisikia methali hizi tangu utotoni, tukadhani zinawahusu watu wasiokwenda hospitali. Sisi tulikwenda hospitali, tukaonyesha ngozi, tukalipa, na bado tukaficha.

Turudi kwenye swali letu. Mtu anaweza kujitetea kwamba hakusema uongo. Alikosa lugha tu. Ile simu hukosea. Neno "dawa" ni pana, na krimu ya urembo si dawa. Alama ndogo katika kisanduku si kiapo. Utetezi huu una nguvu kidogo, maana si kila kunyamaza ni kudanganya. Mgeni asiyejua kusema hana hatia kwa yale ambayo hakuweza kuyasema, na hata nyumbani yapo mambo tusiyodaiwa kumweleza kila mtu.

Lakini tuliona kwamba kuna kipimo kimoja rahisi. Jiulize: kama lugha isingekuwa tatizo, ungesema? Sisi tulipojiuliza hivyo, jibu lilikuwa baya. Daktari angekuwa wa Moshi au Morogoro, tusingemwambia. Tungetumia maneno mengi zaidi kumpoteza: ni vumbi, ni sabuni mpya, ni jua la huko. Kule ugenini hatukuwa na maneno hayo, kwa hiyo tulitumia ukimya. Lugha haikutuzuia kusema kweli. Ilitupatia kisingizio cha kutoisema, na tulikuwa tumekitamani kabla hatujapanda ndege.

Katika wiki zile mbili tulisoma tena habari za Naamani katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Tuliichagua kwa sababu ya wazi: ni mtu aliyesafiri nchi ya kigeni kutafuta dawa ya ngozi. Mahubiri mengi huishia pale Naamani anapotoka mtoni Yordani akiwa mzima. Sura haiishii hapo. Gehazi, mtumishi wa Elisha, anamkimbilia mgeni yule, anatunga habari ya wageni wasiokuwapo, anapokea fedha na mavazi, anavificha nyumbani. Kisha anasimama mbele ya bwana wake na, akiulizwa alikotoka, anajibu kwamba hakwenda popote. Ugonjwa uliomtoka mgeni ukamshika yeye.

Hatusemi kwamba kila anayeugua ngozi ametenda dhambi. Bwana Yesu alilikataa wazo hilo mbele ya yule aliyezaliwa kipofu, na mtu asitumie maandiko kumpiga mgonjwa. Tulichokiona katika habari ile ni kingine. Naamani alikuwa mgeni, amekuja na kiburi na barua ya mfalme, lakini ugonjwa wake aliuleta mlangoni. Gehazi alikuwa mwenyeji. Alijua lugha ya nyumba ile, alijua sala na desturi zake, naye ndiye aliyekuwa na kitu chumbani. Sisi tuliokulia kanisani tunajua lugha ya nyumba. Tunajua kusema "namshukuru Mungu" pale tunapoulizwa hali, hata kabla swali halijamalizika.

Jumamosi moja kabla ya tarehe ya kurudi tulipanda treni kwenda Minamata, mji wa pwani ulioko kusini mwa mkoa huo huo. Ni mji uliopata jina kwa msiba. Kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki katika ghuba kwa miaka mingi, zebaki ikaingia katika samaki, na watu wakala samaki. Mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ulitangazwa rasmi. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda chenyewe alimlisha paka maji taka ya kiwanda, paka akaugua vile vile, lakini matokeo hayo hayakutangazwa wakati ule. Serikali ilikubali chanzo chake mwaka 1968. Miaka yote hiyo ziko familia zilizowaficha wagonjwa wao ndani kwa aibu na kwa hofu ya kutengwa na majirani. Tulisimama kwenye ukingo wa bahari iliyotulia, na kila mmoja wetu alikuwa kimya kwa sababu yake.

Katika treni ya kurudi, mmoja wetu alisoma juu ya mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliotiwa saini Kumamoto mwaka 2013 na kupewa jina la Minamata. Miongoni mwa bidhaa ambazo mkataba huo unataka zikomeshwe zimo krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Huko kwetu Tanzania pia vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimepigwa marufuku, ingawa vinaendelea kuuzwa kwa kificho. Msomaji yule aliizima simu. Kikopo kisicho na jina kilikuwa nyumbani, chini ya nguo, na hakuna aliyejua ndani yake muuzaji alikuwa ametia nini.

Siku ya pili kwa daktari upele ulikuwa haujapona, kwa sababu krimu ya zamani ilikuwa bado inapakwa usiku juu ya ile mpya. Daktari alitazama, akavuta karatasi na kalamu. Alichora uso. Kando ya uso akachora tyubu ya krimu, na kutoka kwenye tyubu akachora mshale kwenda shavuni. Kisha akaisogeza karatasi upande wetu na kuweka kalamu juu yake. Hakutazama simu. Alisubiri.

Mwenye upele akafungua mfuko, akatoa tyubu, akaiweka mezani. Akatoa na kikopo, akakiweka karibu yake. Mwenzake alivitazama vile vitu viwili, simu ikiwa bado mkononi, na hakukuwa na kitu cha kutafsiri.

Daktari alisoma maandishi madogo ya tyubu. Alikifungua kikopo, akainusa ile krimu, akaongea na simu neno moja, na simu ikasema: zebaki? Katika mkoa ule neno hilo halitamkwi kirahisi. Tulijibu kwa mabega kwamba hatujui. Akaandika barua ya kutupeleka hospitali kubwa kupima mkojo. Kisha akaongea maneno mengine, na simu ikayaleta kwa Kiswahili chake cha ajabu: "Asante kwa kuonyesha. Ngozi itakasirika kwanza. Baadaye itatulia." Hakutugombeza. Hakutuuliza kwa nini.

Tulitembea kurudi nyumbani bila kusemezana. Usiku ule ndipo maneno yalipotoka, na hayakuwa mazuri. Mwenzake alikasirika, na kilichomuudhi zaidi ya krimu kilikuwa ile alama ya "hapana" iliyotiwa mbele ya macho yake, kwa kalamu aliyoiona ikisita. Akauliza: yapo mangapi mengine? Hilo ni swali halali katika ndoa, na lilichukua wiki nyingi kupata jibu.

Lakini hasira ilipopungua, mwenzake naye alikumbuka jambo. Alikumbuka alivyokuwa akisema, tena mbele za watu, "Siku hizi umetakata!" Alikumbuka picha alizozituma kwa ndugu huko nyumbani na jinsi alivyofurahi walipojibu kwamba ugenini kumempendeza mwenziwe. Hakuwahi kununua krimu, ila sifa zake ndizo zilizomfanya mwenziwe aendelee kujipaka. Naye alikuwa na la kuungama. Ndiyo maana tumesema hakuna tofauti kubwa ni yupi kati yetu aliyekuwa na upele.

Kuna jambo moja lililotushangaza zaidi. Yule mwenye upele alikuwa akitubu siku zote. Kila usiku alipiga magoti, akamwambia Mungu kwamba anajua si vyema, kisha akainuka akajipaka. Toba hiyo haikuwa ya unafiki. Machozi yalikuwa ya kweli. Mbona haikumbadilisha? Tunadhani ni kwa sababu Mungu alikuwa anajua tayari. Kumwambia yeye peke yake hakukugharimu kitu wala kuhatarisha jina la mtu. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unatuagiza tuungamiane sisi kwa sisi, nao unataja kuponywa katika shauri hilo hilo. Mungu anaweza kusamehe bila daktari wala mwenzi wa ndoa. Ila sisi wanadamu tunahitaji kusema mbele ya mtu ambaye hakujua, ambaye angeweza kutudharau, ili tuamini kweli kwamba tumesamehewa.

Hatusemi kila siri ipelekwe madhabahuni na kutangazwa. Daktari yule alifunga mlango kabla ya kutazama. Tunachosema ni kwamba kila mmoja wetu anahitaji angalau mtu mmoja wa kumwekea tyubu mezani, na kwamba kila mmoja wetu aweze kuwa mtu wa namna hiyo kwa mwingine. Hapa usharika una sehemu yake. Watu hawafichi bila sababu. Wamesikia jinsi tunavyomsema aliyeanguka wakati wa chai baada ya ibada. Wamesikia mzaha wetu juu ya weusi na weupe, hata jikoni kwenye harusi za kanisa. Mtu akija kwetu na tyubu yake, tuwe tayari kumwambia maneno ya daktari yule: asante kwa kuonyesha.

Ngozi ilikasirika kweli. Baada ya kuacha krimu uso uliwaka, ukavimba, ukatoa vipele, na kwa wiki kadhaa Jumapili zilikuwa mtihani katika ile ibada ndogo ya wageni tuliyokuwa tukiihudhuria. Baadhi waliuliza, nasi tuliwajibu kweli. Choa kilipona. Majibu ya mkojo yalikuja mema, na tunamshukuru Mungu kwa hilo, tukijua wapo ambao majibu yao hayakuwa hivyo. Rangi ya zamani ilirudi polepole, ikianzia kwenye paji la uso.

Lile daftari dogo la dawa tunalo mpaka leo. Katika ukurasa wa pili, siku ile ya pili, daktari aliandika kwa mkono wake jina la krimu ya tyubu, na chini yake akaandika mstari mmoja kuhusu kikopo. Hatuwezi kuusoma mstari huo, lakini tunajua umesema kweli.